Mninga haujapigwa marufuku: mkataba wa CITES na mbao zetu ngumu

Ukiutaja mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini inayovuka mipaka, mbele ya wauza mbao, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama kweli mninga umepigwa marufuku. La pili litahusu mpingo. La tatu litatoka kwa mtu aliyeagizwa kitanda na nduguye aliyeko Muscat au Minnesota, ambaye sasa anahofia kitakamatwa bandarini. Jibu la swali la kwanza ni hapana. Mninga haujapigwa marufuku, mkongo haujapigwa marufuku, na mpingo bado unauzwa nje kihalali. Kilichobadilika ni kwamba miti hii yote imeingia kwenye orodha ya kimataifa yenye masharti yake, na masharti hayo yametufikia nusunusu, kupitia kwa madereva, mawakala wa forodha na watu waliosikia kwa watu. Nataka tuyapitie yote, kwa sababu naamini yana faida kubwa kwa misitu yetu kama tutayaelewa vizuri, na hayana maana yoyote kama tutayachukulia kuwa mhuri mwingine wa kulipia.

Tuanze na tarehe. Novemba 2022 nchi wanachama wa CITES zilikutana Panama katika mkutano wao mkuu wa 19. Huko zilikubaliana kuweka kwenye Kiambatisho cha II, yaani orodha ya viumbe vinavyouzwa nje kwa kibali, miti ya Afrika ya jenasi tatu, yaani koo tatu za miti: Pterocarpus, ambamo mna mninga na mkurungu, Afzelia, ambamo mna mkongo, ambao watu wa pwani ya Kenya wanauita mbambakofi, na Khaya, ambamo mna mkangazi. Uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 23 Februari 2023. Mpingo ulikuwa umeshawatangulia wenzake. Uliingia kwenye Kiambatisho hichohicho tarehe 2 Januari 2017, pamoja na jenasi nzima ya Dalbergia, kufuatia mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Kwa hiyo ukiingia leo kwenye duka la samani kule Keko, Dar es Salaam, mbao za asili ambazo muuzaji atazisifia kuliko zote zina majina yao kwenye karatasi za mkataba huu.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Zaire ya wakati ule iliuridhia mwaka 1976, Kenya 1978, Tanzania 1979, na sasa una wanachama 185. Tumezoea kuusikia ukitajwa pamoja na pembe za ndovu na faru, kumbe kati ya spishi zaidi ya 40,000 zilizoorodheshwa, sehemu kubwa ni mimea. Jambo la kulishika mapema ni kwamba unahusu kuvuka mpaka tu. Hauna neno na mti uliokatwa Tabora ukaishia kuwa meza ya chakula Dodoma. Haugusi gunia la mkaa linaloingia mjini, wala shamba la ufuta lililofyekwa ndani ya miombo ya Lindi. Hayo yako chini ya sheria za nchi. CITES unaanza kazi pale mbao inapotaka kutoka nje.

Orodha zake ni tatu. Kiambatisho cha I ni cha viumbe vilivyofika pabaya kabisa, na biashara ya vile vinavyotoka porini imefungwa. Huko ndiko uliko Dalbergia nigra, mti wa Brazili uliotumika kwa miongo mingi kutengenezea magitaa ya thamani. Huko kwao wanauita jacaranda, lakini hauhusiani na ule mti wa maua ya zambarau unaopamba barabara za Nairobi. Huu ni ndugu wa mpingo. Uliwekwa kwenye Kiambatisho cha I mwaka 1992, baada ya misitu ya pwani ya Brazili kuwa imekwisha kukatwa kwa sehemu kubwa. Kiambatisho cha III ni ombi la nchi moja kwa nyingine: mti huu mimi ninaulinda kwangu, nisaidieni kuwabana wanaoutorosha. Madagaska ilifanya hivyo mwaka 2011 kwa baadhi ya miti yake, na Senegal mwaka 2016.

Kiambatisho cha II, ambacho ndicho kinachotuhusu, kinaruhusu kuuza kwa kibali, na kibali hakitakiwi kutolewa mpaka mambo mawili yathibitishwe. La kwanza, mti ulipatikana kihalali. La pili, biashara hiyo haitauponza mti huo huko porini unakoota. Uthibitisho wa kwanza unatoka kwa mamlaka ya usimamizi, ambayo ndiyo inayotoa kibali. Wa pili unatoka kwa mamlaka ya kisayansi, yaani wataalamu ambao kila nchi mwanachama imewateua, na bila kauli yao saini haipaswi kuwekwa. Nitarudi kwa hawa wataalamu, maana mzigo wote wa mkataba umelala mabegani mwao.

Tukiangalia kibali chenyewe, ni fomu yenye visanduku. Kuna jina la anayeuza na anayenunua. Kuna jina la kisayansi la mti, kwa sababu "mbao ngumu" si jibu na hata "mninga" si jibu. Lazima iandikwe Pterocarpus angolensis. Kuna kiasi kwa mita za ujazo, na namba ya Kiambatisho. Kuna herufi ya chanzo: W maana yake mti ulitoka porini, A maana yake ulipandwa na kutunzwa na watu. Kuna herufi ya kusudi, na T ni biashara. Kibali cha kusafirisha nje hakizidi miezi 6. Halafu, chini kabisa, kuna sehemu ambayo ofisa wa bandari anajaza kiasi kilichopakiwa hasa. Kibali kinaweza kuruhusu mita za ujazo 60 na meli ikapakia 40, na ile 40 ndiyo inayotakiwa kuandikwa na kugongewa mhuri. Sehemu hiyo ndogo ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika fomu nzima, kwa sababu mwisho wa mwaka nchi iliyouza inapeleka taarifa ya kilichotoka, na nchi iliyonunua inapeleka taarifa ya kilichoingia. Takwimu hizo huwekwa kwenye hifadhidata iliyo wazi kwa umma. Bandari mbili, upande huu na upande ule wa bahari, zinalazimika kuhesabu mbao zilezile.

Ili uone uzito wa jambo hilo, kumbuka kilichotokea kusini mwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na ghafla misitu ya Rufiji, Kilwa, Liwale na kwingineko ikawa karibu na bandari ya Dar es Salaam kuliko wakati mwingine wowote. Malori yakaanza kushuka na magogo. Mwaka 2004 serikali ilisimamisha kusafirisha magogo nje. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilichapisha uchunguzi wake kuhusu kipindi hicho. Lilikuta kwamba takwimu za China za mbao zilizoingia kutoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliandika kuwa zimetoka. Lilikadiria pia kwamba serikali kuu na halmashauri zilikosa hadi asilimia 96 ya mapato ambayo yangeweza kupatikana kwenye mbao hizo. Asilimia 96! Hizo ni zahanati na madarasa yaliyopanda meli. Wakati ule hakuna aliyelazimika kulinganisha daftari la Dar es Salaam na la Shanghai. Watafiti ndio waliojisumbua. Mti ulioingia Kiambatisho cha II unalazimisha ulinganisho huo kila mwaka, na tofauti ikionekana kuna chombo cha kuuliza.

Sasa, kwa nini jenasi nzima? Mtu anaweza kusema mninga wa Tabora bado upo, kwa nini uunganishwe na ndugu zake wa Senegal na Malawi ambao hata haujawahi kukutana nao? Jibu liko kwenye namna soko hili linavyohama.

Mnunuzi mkubwa wa mbao hizi ni soko la samani za kifahari la China, samani ziitwazo hongmu, za mbao nzito zenye wekundu au weusi, zilizokuwa za majumba ya wafalme. Mwaka 2000 China iliweka kiwango rasmi kilichotaja spishi 33 zinazostahili jina hilo, zikapunguzwa kuwa 29 mwaka 2017. Mpingo wetu umo. Kipato cha watu kilipopanda, hamu ya hongmu ikapanda nacho. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na dawa za kulevya na uhalifu iliripoti mwaka 2016 kwamba katika mali zote za wanyamapori na mimea zilizokamatwa duniani kati ya 2005 na 2014, mbao za aina hii, ambazo sokoni huitwa rozwudi, zilibeba asilimia 35 ya thamani. Tembo, kwa pembe zake zote, alikuwa na asilimia 18.

Wafanyabiashara wa soko hilo walianza na miti ya Asia ya Kusini Mashariki. Ilipoadimika wakageukia Madagaska, hasa baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2009, wakati hifadhi za Masoala na Marojejy zilipovamiwa na wakataji. Mwaka 2013 mti wa rozwudi wa Thailand na nchi jirani, pamoja na miti ya Madagaska, viliwekwa Kiambatisho cha II. Biashara ikakimbilia Afrika Magharibi kwa Pterocarpus erinaceus, ndugu wa mninga. Huo nao ulipowekwa kwenye orodha, kuanzia 2017, macho yalikuwa yameshatua kwenye Pterocarpus tinctorius, ambao Wakongo wa Katanga na Wazambia wanauita mukula na sisi Watanzania tunauita mkurungu. Mti ambao juzi tu haukuwa na mnunuzi wa maana ukaanza kutafutwa usiku na mchana. Malori yalitoka Haut-Katanga, yakapita Kasumbalesa kuingia Zambia kuelekea bandarini, na mwaka 2017 Zambia iliyazuia kwa mamia. Mwaka 2019, kwa ombi la Malawi, mkurungu ukaingia Kiambatisho cha II.

Kila mlango uliofungwa peke yake ulisukuma msumeno kwenda mlango wa jirani, na wakati wa kuandika ombi, kusubiri mkutano unaofanyika kila baada ya miaka miwili au mitatu na kupata theluthi mbili ya kura, mti wa jirani unakuwa umeshakatwa. Ndiyo maana Johannesburg walichukua Dalbergia yote na Panama wakachukua Pterocarpus yote ya Afrika. Kuna sababu nyingine ya kiutendaji: ofisa forodha anaona ubao uliopasuliwa, hauna jani, ua wala gome. Mninga na mkurungu zikiwa zimerandwa, kuzitofautisha kunataka kioo cha kukuza, mtaalamu wa anatomia ya mbao na wakati mwingine maabara. Mkataba unaruhusu kuorodhesha mti kwa sababu tu unafanana na ulio hatarini, na nadhani hilo ni jambo la busara. Ukiwa na orodha ambayo mlinzi wa geti hawezi kuitumia, huna orodha.

Majirani zetu waliliona hilo mapema kwenye msandali, mti wa mafuta ya manukato. Kenya ilizuia uvunaji wake mwaka 2007 kwa agizo la rais, lakini mafuta yake yaliendelea kutafutwa na mti ukaendelea kuvushwa mipakani. Mwaka 2013 msandali wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia ukawekwa kwenye Kiambatisho cha II kwa pamoja.

Hata hivyo orodha bila sheria ya ndani inapwaya. Mwaka 2014 maofisa walikamata Mombasa makontena 34 ya mbao za Madagaska yaliyokuwa yamepitia Zanzibar, safari ikiwa ni ya Hong Kong. Mwaka huohuo Singapore ilikamata karibu magogo 30,000 ya aina hiyohiyo kwenye meli moja. Kesi ya Singapore ilizunguka mahakamani miaka mitano. Washtakiwa walitiwa hatiani mwaka 2017, kisha mwaka 2019 mahakama ya rufani ikawaachia, kwa hoja kwamba mzigo ulikuwa unapita tu na haukuwa umeingizwa nchini. Mkataba ulikuwa wazi na magogo yalikuwa yanaonekana kwa macho, ila maneno ya sheria ya nchi kuhusu mzigo unaopita ndiyo yaliyoamua. Bandari za mwambao wetu ni za kupitisha mizigo ya nchi nyingine kila siku, kwa hiyo wanasheria wetu wana sababu nzuri ya kuisoma kesi ile.

Tuje kwenye vitu vya mafundi, maana hapa ndipo hofu ilipo. Kila mti ulioorodheshwa una maelezo mafupi yanayosema ni bidhaa gani hasa zinahusika. Kwa mninga, mkongo, mkurungu na mkangazi wa Afrika, zinazohusika ni magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia, plaiwudi na mbao zilizosarifiwa kwa mashine, kama zile za sakafu zenye ulimi na mfereji. Kitanda kilichokamilika hakimo. Mlango uliochongwa kwa nakshi za Lamu au Unguja, ukiwa umekamilika, haumo. Sheria za nchi unakotoka na unakokwenda bado zipo, pamoja na ukaguzi wa wadudu, lakini kibali cha CITES hakidaiwi kwa kitanda. Nauona uamuzi huu kuwa wa haki kabisa, kwa sababu unambana anayesafirisha mbao ghafi na kumwachia nafasi fundi aliyezitengeneza nyumbani.

Mpingo una maelezo tofauti, na yana historia. Chukua kipande cha mpingo kabla hakijaguswa na tezo. Gome ni la kijivu, chini yake kuna utepe mwembamba wa mbao ya manjano hafifu, kisha kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali, kizito kiasi kwamba ukikitupa majini kinazama. Wachongaji wa Kimakonde wa Mwenge mara nyingine wanauacha ule utepe wa manjano kwenye kinyago ili uonyeshe mti ulivyokuwa. Kiini hicho hakinywi unyevu haraka, kinapasulika kidogo, na kinakubali tundu jembamba lenye ukingo safi, na hayo ndiyo yaliyoufanya kuwa mti wa klarineti na obo za okestra za Ulaya na Marekani. Shina lake ni la kupindapinda, mara nyingi lina mifereji na uwazi uliochomwa na moto wa porini, na katika gogo zima sehemu inayofaa kwa ala mara nyingi haifiki asilimia 10. Makadirio ya kawaida ni kwamba mti unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa.

Masharti ya CITES ya 2017 yalipoanza, kila klarineti iliyouzwa kuvuka mpaka ilihitaji kibali, hata kama ilikuwa na mbao za chini ya kilo moja. Karakana za ala zikajikuta zinasubiri karatasi kwa kila boksi, na ofisi za vibali zikajaa maombi ya vitu ambavyo havikuwa tishio kwa mti wowote. Mwaka 2019, katika mkutano wa Geneva, maelezo yalibadilishwa: tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, vipuri vyake na vikorombwezo vyake havihitaji kibali. Bidhaa nyingine zilizokamilika zimesamehewa mradi mbao za spishi husika kwenye mzigo mmoja zisizidi kilo 10. Vinyago vidogo vya mtalii vimo ndani ya msamaha huo. Kinyago cha ujamaa, kile cha watu wengi waliobebana, kikiwa kirefu kama mtu hakimo, na anayekituma nje atafute kibali kwanza.

Ninarudi kwa wataalamu wa mamlaka ya kisayansi. Wanaulizwa kama mita hizi za ujazo zikitoka, mti utabaki salama porini. Ni swali gumu kuliko linavyosikika. Chukua mninga. Tunda lake ni bapa la mviringo, katikati lina miiba ya kukwaruza na pembeni ubawa mpana wa kubebwa na upepo. Mche ukiota, sehemu ya juu hufa kiangazi na mzizi hubaki. Mvua zikirudi unachipua upya, kiangazi kinachofuata unakufa tena juu. Unaweza kuendelea hivyo miaka mingi, hata zaidi ya 10, mpaka mzizi uwe na akiba ya kusukuma shina litakaloupita moto kimo. Mkaguzi asiyeujua mti huu akipita msituni akaona vichipukizi tele ardhini na miti mikubwa michache atasema hali ni njema. Kumbe vichipukizi vile si miti bado, na kama moto wa mwishoni mwa kiangazi unapita kila mwaka, vingi havitakuwa miti kamwe. Cha kuhesabu ni ile miti ya kati, itakayochukua nafasi ya ile inayokatwa sasa. Lazima pia ujue inanenepa kiasi gani kwa mwaka, wastani wa miti kwa hekta, na ukubwa wa chini unaoruhusiwa kukatwa. Kwa mpingo, Tanzania imeweka kipenyo cha sentimita 24 kwenye usawa wa kifua. Ukiyajua hayo unaweza kusema mwaka huu tukate miti mingapi. Usipoyajua unabahatisha, na saini yako inakuwa ya kubahatisha.

Kubahatisha kumeshatokea, na vibaya kuliko kubahatisha. Mwaka 2017 shirika la uchunguzi wa mazingira la EIA lilitoa ripoti likidai kwamba magogo zaidi ya milioni 1.4 kutoka Nigeria yaliruhusiwa kutoka kwenye bandari za China kwa maelfu ya vibali vya CITES vilivyotolewa baada ya magogo kuwa yameshasafiri. Senegal nayo ililia miaka mingi kuhusu magogo ya Casamance yanayovushwa kuingia Gambia na kutokea huko. Mwaka 2022 nchi wanachama zilishauriwa kusitisha kununua mbao za Pterocarpus erinaceus kutoka nchi za Afrika Magharibi ambazo hazikuweza kuonyesha msingi wa kisayansi wa vibali vyao. Huo ndio mkono mzito wa mkataba: nchi isiyoweza kujibu swali inafungiwa soko zima, na mfanyabiashara mwaminifu anafungiwa pamoja na mwizi. Sipendi kuiona Tanzania ikifika hapo na mninga.

Ndiyo maana ninaposikia watu wakiijadili CITES kama jambo la Panama na Geneva, naona tumeangalia mbali mno. Jibu la swali linapatikana kwenye msitu wenyewe, na kuna watu ambao tayari wanalitafuta. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia, kuuza mbao kwa mpango na kubaki na mapato. Wilayani Kilwa, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi na kuendeleza mpingo, MCDI, vijiji vya Kikole na Kisangi vilifungua njia. Mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaovunwa bila kuumaliza, kilitolewa kupitia shirika hilo, na kikawa cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanajamii. Vijiji vingine vikafuata.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Kamati ya maliasili ya kijiji inagawanya msitu kwa vitalu, inapita kwa mistari, inapima kila mti wa thamani kwa utepe, inaandika spishi, kipenyo na hali ya shina. Kutokana na daftari hilo unapatikana mgawo wa mwaka. Mnunuzi akija anaonyeshwa miti yake. Ukikatwa, kisiki na gogo vinagongwa nyundo yenye alama, na gogo halitoki bila hati ya kusafirishia, ile ambayo madereva wote wanaiita TP. Mwanakijiji akisikia msumeno siku isiyo ya uvunaji anajua kuna mtu anaiba fedha za shule yao, na anakwenda kuangalia. Doria ya namna hiyo huwezi kuiajiri kutoka mjini.

Ombi langu kwa wizara na kwa wakala wa misitu ni moja, na halihitaji mkutano wa kimataifa. Vibali vya mpingo, mninga, mkongo na mkurungu vinavyotolewa kwa ajili ya nje viambatane na jina la msitu mbao zilikotoka na namba ya hati yake ya TP, na kauli ya wataalamu kuhusu msitu huo ichapishwe mahali ambapo mwalimu wa Liwale au mwandishi wa Mtwara anaweza kuisoma. Vijiji vyenye madaftari vitanufaika mara moja, kwa kuwa mbao zao ndizo zitakazopita haraka. Visivyo nayo vitakuwa na sababu ya kununua utepe wa kupimia.